Mirathi Tanga: fiqhi ya Kishafii, haki ya mpwa na minazi ya shamba la ukoo

Ugomvi mwingi wa mirathi hapa Tanga hauanzii kwenye thumni (moja ya nane) ya mke wala sudusi (moja ya sita) ya mama. Hesabu hizo mpelekee mwalimu yeyote wa chuo aliyesoma faraidhi, yaani elimu ya mafungu ya mirathi, atakutolea jibu papo hapo. Ugomvi huanza kabla ya hesabu, pale watu wanapogawa mali ambayo hawajaitenga. Ndani ya boma moja mna mali ya marehemu, mna mali ya mjane, mna shamba la ukoo, mna deni la dukani, mna mahari ambayo haijalipwa tangu siku ya nikahi. Vyote vinaitwa "mali ya mzee" na kupigiwa mafungu. Mafungu yatakuwa sahihi kwa kalamu, lakini kuna mtu atakuwa ameliwa haki yake.

Na hapa petu hatuna udhuru wa kusema elimu haikutufikia. Pwani yetu imefuata madhehebu ya Imamu Shafii karne nyingi, na makadhi wake wakitoa hukumu kwa kutegemea Minhaji, kitabu cha fiqhi cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Sheikh Ali bin Hemed al-Buhry, aliyekuwa kadhi wa Tanga, aliandika kitabu cha mirathi kwa Kiswahili, kikachapwa mwaka 1923 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya P. E. Mitchell. Yaani miaka mia moja iliyopita mtu wa Ngamiani au wa Pangani angeweza kusoma mafungu ya mirathi kwa lugha yake mwenyewe. Tulichopungukiwa ni utaratibu wa kukaa chini na kutenga.

Utaratibu wenyewe kwa Kishafii ni huu. Kwanza hutolewa haki iliyofungamana na kitu chenyewe: shamba lililowekwa rehani, au zaka iliyokwisha kuwajibika juu ya mali ambayo bado ipo. Kisha gharama za maziko, yaani maji, sanda, kuchimba kaburi na kubeba. Kisha madeni yaliyobaki, ya Mwenyezi Mungu na ya watu. Kisha wasia, usiozidi theluthi ya kilichobaki baada ya madeni. Ndipo warithi wanapoingia.

Kwenye madeni ndipo wengi wanapoteleza. Mahari iliyoahirishwa ni deni kama deni lingine lolote, na mjane hulipwa kabla hajahesabiwa thumni yake. Halimezwi na thumni hiyo. Hija nayo: aliyekuwa na uwezo wa kuhiji, akachelewesha mpaka akafa, gharama ya kumhijia hutoka kwenye mali yake hata kama hakuusia. Kwa qauli yenye nguvu katika madhehebu, deni la Mwenyezi Mungu hutangulia deni la watu pale mali inapokuwa haitoshi yote mawili. Sijaona kikao cha ukoo kinachouliza swali hili bila kukumbushwa.

Halafu kuna mali ya mjane mwenyewe. Cherehani aliyoinunua kwa pesa za mchezo, dhahabu aliyotoka nayo kwao, mbuzi wake wawili, bati alizoongeza kwenye nyumba kwa faida ya biashara yake ya samaki: hivyo havimo katika urithi. Katika fiqhi mali ya mke ni yake na ya mume ni yake, na wakichanganya ni washirika kwa kiasi cha mchango wa kila mmoja. Je, vyombo vya ndani vikibishaniwa na hakuna risiti wala shahidi? Imamu Shafii hakusema vya jikoni ni vya mke na vya ubaraza ni vya mume. Nyumba ilikuwa mikononi mwa wote wawili, kwa hiyo mjane ataapa, warithi wataapa, na kitu kitakatwa nusu kwa nusu. Hukumu hii ingejulikana, wajane wengi wasingefungiwa milango siku ya tatu ya msiba.

Sasa tuchukue familia ya mfano tuende nayo mpaka mwisho. Mwanamume wa upande wa Mkinga amefariki. Ameacha mke mmoja, mama yake mzazi, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Ana dada mmoja wa baba na mama, na dada huyo ana mtoto wa kiume, ambaye kwa marehemu ni mpwa. Mali yote ikithaminiwa, baada ya kuondoa vitu vya mjane, ni shilingi 78,000,000. Maziko yaligharimu 1,500,000, deni la watu 4,000,000, mahari iliyoahirishwa 500,000. Zinabaki 72,000,000. Aliusia theluthi kwa mpwa wake mbele ya mashahidi, yaani 24,000,000. Za kurithiwa ni 48,000,000.

Mke ana thumni kwa sababu kuna watoto. Mama ana sudusi kwa sababu hiyo hiyo. Watoto ni asaba, wanachukua kilichobaki, mwanamume fungu la wawili. Asili ya hesabu, yaani idadi ya sehemu tunayoanza nayo, ni 24: mke 3, mama 4, zinabaki 17. Vichwa vya watoto ni vinne, kwa kuwa mwana anahesabiwa viwili, na 17 haigawanyiki kwa 4. Zidisha 24 kwa 4 upate 96. Mke anapata 12, mama 16, mwana 34, kila binti 17. Jumlisha: 96. Gawa 48,000,000 kwa 96, kila sehemu ni shilingi 500,000. Mke 6,000,000, mama 8,000,000, mwana 17,000,000, kila binti 8,500,000.

Dada wa marehemu hapati kitu, amezuiwa na mtoto wa kiume. Mkumbuke huyu dada, tutarudi kwake.

Ukimaliza hesabu, daima jumlisha upya. Mafungu yakizidi asili, usimpunguzie mmoja unayedhani anavumilia. Kuna awli, ambayo hupunguza wote kwa uwiano. Mke, mabinti wawili, mama na baba: asili ni 24, lakini mafungu ni 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Mali hugawanywa kwa 27, na thumni ya mke inakuwa tusui (moja ya tisa). Ni masala maarufu ya Mimbari, aliyoyajibu Imamu Ali akiwa juu ya mimbari bila kukatiza hotuba.

Kwa nini nimemweka mpwa kwenye wasia? Kwa sababu Tanga ndipo mila na fiqhi zinapokutana uso kwa uso. Kwa Wadigo na Wazigua, nasaba iliyobeba mali na ulinzi tangu zamani ni ya upande wa mama. Mtu ni wa fuko, yaani ukoo, la mama yake. Mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mpwa, na mali ya mjomba ilitazamiwa kumwendea mpwa. Uislamu ulipoingia haukuikuta ardhi tupu, na mvutano kati ya mtoto na mpwa umeendelea kwa vizazi, huku na ng'ambo ya mpaka, upande wa Kwale.

Katika fiqhi, mtoto wa dada ni katika dhawil arham, yaani jamaa wa damu wasio na fungu wala si asaba. Asili ya madhehebu ya Shafii ni kwamba hao hawarithi, na mali isiyo na mrithi wa fungu wala asaba huenda Baitul Mali, yaani hazina ya Waislamu. Wanazuoni waliokuja baadaye wakatoa fatwa kwamba Baitul Mali isipokuwa na mpango mzuri, kinachobaki hurudishwa kwa wenye mafungu wasiokuwa mume au mke, na wasipokuwapo hao ndipo dhawil arham wanaporithi. Kwa vyovyote, mpwa hasimami mbele ya mtoto. Anayesema "mila yetu imekubaliwa na dini" kwa sababu ya kanuni isemayo ada huhukumu, ameivuta kanuni mahali pasipo pake. Ada huhukumu pale sheria ilipoacha wazi: kiasi cha mahari, maana ya maneno katika mkataba, nini kinahesabiwa kuwa makabidhiano. Mafungu ya mirathi yametajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 11, 12 na 176, na hapo ada haina neno.

Lakini mlango wa mpwa upo, nao ni wasia. Yeye si mrithi, basi anaweza kuusiwa mpaka theluthi bila kuomba ruhusa ya mtu. Mtume (s.a.w.) alimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba theluthi nayo ni nyingi, kwa hiyo kupunguza kidogo ni bora. Mlango huohuo ni wa ndugu wasiorithi kwa tofauti ya dini. Muheza, karibu na misheni ya kale ya Magila, si ajabu kukuta ndugu wa tumbo moja, huyu Mwislamu na yule Mkristo. Hawarithiani, lakini kuusiana na kupeana zawadi wakiwa hai kunajuzu. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa naye hamrithi baba. Anamrithi mama yake na jamaa wa mama. Baba anayempenda amuandikie wasia.

Na yuko mwingine ambaye mlango huu umeumbwa kwa ajili yake: mjukuu ambaye baba yake alitangulia kufa. Babu akifa akaacha wana wengine wa kiume, mjukuu huyo hapati kitu. Misri ilitunga sheria namba 71 ya mwaka 1946 iliyomlazimishia wasia wa wajibu. Sisi hatuna sheria hiyo, na madhehebu hayalazimishi. Basi babu ana karatasi na kalamu, na theluthi ni yake. Naumia kila ninapoona mtoto yatima anatolewa kwenye nyumba aliyolelewa kwa sababu mzee aliona kuandika wasia ni kujitabiria kifo.

Wasia kwa mrithi ni jambo jingine. Ukimuusia binti yako nyumba, haupiti mpaka warithi wengine waridhie, na ridhaa yao inahesabiwa baada ya kifo. Waliyoyakubali mzee angali hai hayawafungi. Mrithi aliye mtoto mdogo ridhaa yake haisihi, wala mlezi wake hawezi kuridhia kwa niaba yake kuitoa haki hiyo. Wanaotaka kumpa binti nyumba hukimbilia hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai, nayo ina sharti lake: makabidhiano. Mzee akisema "nimempa Mwanaisha nyumba hii", halafu akaendelea kulala humo, kodi ya wapangaji akapokea mwenyewe na funguo zikabaki mfukoni mwake mpaka kufa, kwa Kishafii hiba haikutimia. Nyumba hukabidhiwa kwa kuachiliwa na kuondolewa vitu vya mtoaji. Kwa mtoto mdogo, baba hupokea kwa niaba yake, na hapo aandike na ashuhudishe. Hiba iliyotolewa na mtu aliye katika maradhi ya mauti hupewa hukumu ya wasia.

Nije kwenye minazi, maana ndiyo mali inayosumbua kuliko nyumba. Sehemu nyingi za mwambao wetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Ardhi ni ya ukoo. Mnazi ni wa aliyepanda. Mzee akifa, kinachorithiwa ni minazi, na udongo chini yake unabaki wa ukoo. Fiqhi haipingani na hili. Katika mlango wa mauzo, wanazuoni wa Kishafii wamesema mti ukiuzwa, kwa qauli sahihi zaidi, ardhi ya shinani haiingii katika mauzo, ila mwenye mti ana haki ya kunufaika na mahali hapo muda wote mti ungali umesimama. Ukianguka, haki hiyo imekwisha. Kwa hiyo mrithi aliyerithi minazi 6 hana haki ya kung'oa mnazi mkongwe na kupandikiza mche palepale bila ruhusa ya ukoo, akadai urithi wake unaendelea. Hapo ndipo mapanga huchomolewa.

Kabla ya kugawa minazi, pita shambani na mtu anayelijua shamba, mkwezi ndiye bora. Weka alama kila mti kwa chokaa. Tenganisha makundi matatu: inayozaa vizuri, michanga ambayo haijaanza, na mikongwe iliyorefuka na kupungua. Kosa la kawaida ni kugawa kwa idadi tupu, kaka akapata ya karibu na nyumba inayozaa, dada wakapewa mikongwe ya bondeni. Gawa kila kundi peke yake, sawazisha thamani, kisha pigeni kura juu ya mafungu. Kura ni ya kisheria na huondoa manung'uniko.

Familia yetu ya mfano tuseme ina minazi 48, na yote inalingana. Kila mti ni sehemu 2 katika 96. Mjane 6, mama 8, mwana 17, kila binti 8 na nusu. Nusu mnazi haukatwi. Mabinti wanachukua 8 kila mmoja, na mmoja unabaki wa shirika kati yao, nazi wanagawana kila zinapoanguliwa, au mmoja anamuuzia mwenzake nusu yake. Nazi zilizokuwa juu ya miti siku ya kifo ni za marehemu na zinaingia kwenye madeni na wasia. Zinazotoka baada ya hapo ni za warithi kwa mafungu yao. Ndugu anayekaa shambani akiuza mavuno yote miaka miwili kwa hoja ya kwamba yeye ndiye analima majani, ana haki ya ujira mkikubaliana, lakini nazi hazikuwa zake peke yake.

Kuhusu hitima na arobaini nitasema waziwazi. Mchele, mbuzi na turubai si gharama za maziko. Anayetaka kulisha watu atoe mfukoni mwake au katika fungu lake akiwa mtu mzima. Kukiwa na mrithi mdogo, hata kilo moja ya mchele haifai kutolewa katika mali ambayo haijagawanywa, kwa sababu humo mna haki ya yatima, na aya ya 10 ya Suratun Nisaa imesema wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Wanazuoni wetu wa Kishafii wameliharamisha hili kwa maneno makali. Bado linaendelea, tena kwa fahari.

Upande wa serikali, tangu mahakama zilipounganishwa mwaka 1963, Bara haina mahakama ya kadhi yenye nguvu ya dola. Makadhi wa Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA) hugawa kwa ridhaa ya wahusika. Hati yenye nguvu hutoka mahakamani, na kwa mirathi ya Kiislamu au ya kimila mlango ni Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi. Sheria iitwayo kwa Kiingereza Judicature and Application of Laws Act, Sura ya 358, kifungu cha 11, inaruhusu sheria ya Kiislamu kutumika katika mirathi ya wanaoifuata. Wakibishana kama ni mila au Uislamu, mahakama hutazama maisha ya marehemu na nia yake: ndoa aliifunga vipi, aliishije, aliusia nini. Jina la Kiislamu peke yake halitoshi. Na yule anayekuja na Tangazo la Sheria za Mila Na. 436 la mwaka 1963 ajue kwamba lilikusanya mila za makabila yanayofuata upande wa baba. Halikuandikwa kwa ajili ya fuko la Kidigo.

Nendeni na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo unaotaja warithi wote, wadogo na walio mbali, pamoja na jina la anayependekezwa kuwa msimamizi. Andikeni humo kwamba marehemu alikuwa Mwislamu na mali igawiwe kwa sheria ya Kiislamu. Ombi linajazwa kwenye Fomu Na. I. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne kupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, labda mahakama imuongezee muda, kisha hesabu ya mirathi kwa Fomu Na. VI kwa vipindi atakavyopangiwa na mahakama. Wasimamizi wengi husahau fomu hizi mbili, mirathi ikabaki wazi miaka kumi. Msimamizi ni mtumishi wa warithi. Nyumba ikiandikwa jina lake kama msimamizi, haijawa yake.

Kuchelewa kwenyewe kuna gharama, na hapa ndipo turudi kwa yule dada. Tuseme familia ile imesubiri. Mjane amalize eda yake ya miezi minne na siku kumi, ambayo kwa Kishafii ana haki ya kukaa katika nyumba ya mumewe. Kisha arobaini ya fulani, kisha Ramadhani, kisha mwana arudi kutoka Mombasa. Katikati, mama wa marehemu amefariki. Sehemu zake 16 sasa zina warithi wake: binti yake, ambaye ni yule dada aliyekuwa amezuiwa, na watoto wa mwanawe. Binti ana nusu, yaani 8. Zinazobaki 8 ni za wajukuu, mwana 4 na mabinti 2 kila mmoja. Sasa hesabu ni hii: mjane 12, mwana 38, kila binti 19, shangazi 8. Jumla 96. Shangazi ana shilingi 4,000,000 ndani ya nyumba ambayo mwaka jana hakuwa na hata tofali, na ni haki yake halali. Wakimwambia "wewe ulishazuiwa", wamedhulumu. Mjane naye akitangulia kabla hawajagawa, zile 12 zinafunguliwa hesabu nyingine, na humo wataingia wazazi wake au watoto wake wa ndoa ya kwanza, watu ambao mzee hakuwa na nasaba nao yoyote.